Dakika Kumi na Moja za Soksi

Jumatatu, 3 Machi

Zimebaki siku sita. Kuogelea karibu kilomita mbili katika bwawa la maji ya kijani. Halafu baiskeli, kilomita tisini. Halafu kukimbia, ishirini na moja. Mfululizo! Siku moja! Na atakayevuka mstari baada ya saa tisa na nusu alasiri hahesabiwi.

Naandika sababu, ili nikizama watu wajue wa kumlaumu. Ni shemeji. Mdogo wake mke wangu, muuguzi wa wodi ya wazazi. Oktoba alikuja kula kwetu, akasema kati ya tonge na tonge kwamba amejiandikisha kwenye mashindano haya. Mama mkwe alikuwepo. Akasema huyo binti alizaliwa na roho ngumu. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama tumbo tu. Jioni ile ile nikajiandikisha.

Mazoezi tangu Oktoba: mengi, kama nikihesabu na kusoma. Nimesoma vitabu viwili vya kupumua.

Leo nimeanza mkakati wa kwanza. Mimi ni fundi wa miwani, miaka kumi na saba. Jicho langu la kulia halina neno. La kushoto ni balaa: bila lenzi, basi na kabati ni kitu kimoja. Wenzangu wote watakuwa wanapapasa majini. Mimi nitaona! Nimekata lenzi zangu mwenyewe, nikazibandika ndani ya miwani ya kuogelea. Kazi safi. Daktari wa macho, bosi wangu, akapita akauliza ninatengeneza nini saa za kazi. Nikasema mgonjwa wa dharura. Akasema mgonjwa huyo ana kichwa kikubwa kama changu.

Jumanne, 4 Machi

Mama mkwe amefika na mabegi matatu, kuja kutazama mashindano. Amepewa chumba chetu. Mimi na mke wangu tuko sebuleni, kwenye godoro lenye bonde katikati. Mwanariadha analala bondeni!

Kwenye chai akauliza ni nani atakayemshikia binti yake mikoba siku hiyo. Akajijibu mwenyewe kwamba bila shaka ni mimi. Mke wangu akamwambia, hapana mama, naye anashindana. Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akauliza anashindana na nani. Mke wangu akasema na watu mia moja na thelathini. Mama mkwe akasema, polepole, kwamba atatuombea wote. Alipofika kwenye "wote" alinigusa bega kama mtu anayempa pole mfiwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mkakati wa pili: upelelezi. Haiwezekani mwanamke anayesimama kwa saa kumi na mbili akizalisha watu awe na nguvu kunishinda bila siri. Nikachukua bakuli lake lililokuwa kwetu tangu Krismasi, nikaenda hospitali kulirudisha.

Nikamkuta chumba cha wauguzi, miguu ndani ya beseni la maji, anakula wali na maharage. Akafurahi. Akanivutia kiti. Nikampeleleza kwa ustadi, huku nikijifanya naulizia afya yake. Anakula nini? Chochote kilichopo. Anafanya mazoezi lini? Anaogelea Jumanne na Ijumaa, anakimbia akitoka kazini, na baiskeli ndiyo usafiri wake. Na dawa za nguvu? Akacheka hadi maharage yakampalia. Muuguzi mwenzake akaja kumpiga mgongoni.

Nimerudi mikono mitupu. Huyu mwanamke ni msiri ajabu.

Ijumaa, 7 Machi

Suti ya mpira ya kuogelea imefika. Maji ya bwawa asubuhi ni baridi, kila mtu anavaa. Niliagiza saizi ya mtu nitakayekuwa Machi. Mtu huyo hakutokea.

Kuingia: dakika arobaini, mafuta ya kupaka na msaada wa mke wangu, goti lake mgongoni pangu. Kutoka: haikuwezekana. Zipu ilikwama chini kidogo ya shingo. Nikawa nazunguka sebule kama pengwini, napumua kwa awamu. Mke wangu akajaribu sabuni. Akajaribu mshumaa. Mama mkwe akatoka chumbani, chumbani KWANGU, na mkasi tayari mkononi. Nasisitiza: tayari mkononi. Nikamsihi. Akasema, "Tulia baba, nimeshona nguo za watu miaka thelathini."

Akakata. Lazima niseme ukweli, baadaye alikaa dirishani akaishona upya, akaongeza kipande cha kitambaa pembeni ili nipumue. Kitambaa cha pazia. Maua ya njano. Nikamuuliza kama hana rangi nyeusi. Akaniuliza kama naenda kuogelea au kuoa.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kukagua baiskeli. Hapa ndipo nilipotarajia kung'ara, maana nilikuwa na mkakati wa tatu: uzito. Kwa wiki mbili nimekuwa naivua baiskeli yangu kila kisichohitajika. Kengele, nje. Taa, nje. Breki ya nyuma, nje. Nani anataka kusimama?

Mwamuzi, mama mfupi mwenye filimbi, akabonyeza breki ya nyuma. Akabonyeza hewa. Akaniuliza iko wapi. Nikamweleza habari za gramu. Akapuliza filimbi, nikiwa mbele yake, umbali wa hatua moja! Akasema sipiti.

Nikahangaika saa mbili kutafuta breki. Shemeji alikuwa ameshapita, na baiskeli yake yenye kikapu mbele. Kikapu! Mwamuzi alikisifu, akasema ni cha busara. Basi shemeji akaniona nimekaa kwenye ukingo wa barabara. Akaenda na kikapu chake, akarudi na breki, spana na machungwa mawili. Akaifunga mwenyewe, magoti kwenye changarawe, huku akinieleza habari za pacha waliozaliwa jana.

Anajaribu kunipumbaza kwa wema. Sikudanganyika. Chungwa nililila.

Jumapili, 9 Machi

Jioni. Naandika nimelala chali sakafuni, maana bonde la godoro siliwezi.

Saa moja kamili, honi. Nikajitosa. Nikainua kichwa kutafuta boya la kwanza. Ukungu! Nikapepesa macho. Ukungu! Dunia nzima ilikuwa uji. Nikaona kitu chekundu, nikakifuata kwa nguvu zangu zote. Kilikuwa fulana ya mwokoaji ndani ya mtumbwi. Akanigeuza. Nikafuata kingine chekundu. Kilikuwa mwokoaji yule yule. Mara ya tatu akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nataka kupanda.

Nikagundua ng'ambo ya bwawa. Lenzi nilizibandika kinyume. Ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Miaka kumi na saba ya kazi! Nikavua miwani nikaishika kwa meno, nikaogelea kwa jicho moja, mithili ya kuku anayekagua kitu.

Nikatoka majini wa tatu kutoka mwisho. Mama mkwe, uzioni, akapiga kelele, "Yule pale, yule wa maua!" Watu wakapiga makofi. Sijui walimpigia nani, mimi au pazia.

Sasa kwenye eneo la kubadilishia nilikuwa na mkakati wa nne, na bado nasema ulikuwa mzuri. Kila mtu hutoka pale kama aliyetoroka moto. Lakini kuna mpiga picha njiani! Mimi nilikuwa na fulana iliyopigwa pasi, poda ya miguu, kitana, kioo kidogo, na soksi mpya za kubana hadi magotini. Miguu imelowa, soksi za kubana. Hazipandi. Nikakaa. Nikavuta. Nikapumzika. Nikavuta. Mama mkwe akauliza umati mzima kwa nini huyu anavaa kama anasubiriwa ukumbini. Dakika kumi na moja, alisema mke wangu baadaye. Alikuwa na saa. Hakuna aliyemwomba apime!

Baiskeli: sitaki kusema mengi. Nilikuwa nimeweka asali kwenye chupa laini, mfuko wa nyuma. Kilomita ya thelathini nikasikia ujoto kiunoni. Nikadhani ni misuli inapamba moto. Ilikuwa asali. Kilomita ya arobaini, nyuki. Kuanzia arobaini hadi arobaini na nne niliendesha kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia maishani, na hakuna mtu aliyekuwa pale kuiona.

Kukimbia. Kwa kweli nilikimbia hadi kilomita ya tisa. Kuanzia hapo nilikuwa nainua miguu na kuiteremsha, na barabara ilikuwa inabaki pale pale. Walinipita wote. Akanipita mzee mmoja mwenye kiraka cha goti, akanipa pole.

Kilomita ya kumi na sita nikakaa kwenye jiwe. Nikaamua imetosha. Nilikuwa natunga maneno ya kumwambia mke wangu, kuhusu nyonga, nikaona kandambili mbele yangu. Shemeji. Alikuwa ameshamaliza! Ameoga! Ananukia sabuni! Alirudi barabarani kunitafuta, kilomita tano kwa miguu.

Nikamwambia aende. Nikamwambia nyonga imekwisha.

"Shemeji, mimi nasikia watu wakisema hawawezi kila siku. Huwa wamebakiza kidogo tu. Inuka."

Nikasema mimi sizai.

"Naona. Wanaozaa hawakai kwenye mawe. Inuka."

Nikainuka. Sikutaka, miguu ndiyo ilimtii. Akatembea pembeni, nje ya kamba, asinisaidie maana sheria hairuhusu, akinieleza habari za pacha wale: wa kwanza alitoka analia, wa pili alitoka amelala. Kila nilipopunguza mwendo alinyamaza, na mimi nilitaka kujua kama wa pili aliamka. Mwanamke mjanja! Nikajikuta nakimbia.

Pacha wa pili alifungua macho kilomita ya ishirini. Nakiri nililia kidogo. Ni jasho, nilimwambia.

Nikavuka mstari. Mama mkwe alikuwa anaruka. Anaruka, mwanamke wa umri ule, mabegi chini! Mke wangu alinikumbatia pamoja na asali na vumbi, hakutaka kuniachia, na akanong'ona kwamba alikuwa ameshaanza kuogopa. Kisha nikaona mwamuzi anakunja meza. Saa tisa na dakika thelathini na nne. Dakika nne! Akasema amesikitika. Akasema sheria ni sheria. Filimbi hakuipuliza, namshukuru kwa hilo.

Hakuna medali. Shemeji akavua yake, akanivisha. Nikakataa. Nina heshima yangu. Nikasema nitaishika tu kidogo, kwa ajili ya picha. Mke wangu akapiga picha. Nimeituma kwenye kundi la kazini. Sikuandika maelezo yoyote. Mtu hawezi kulaumiwa kwa alichoacha kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda kazini. Ngazi nashuka kinyumenyume, nimeshika ukuta. Mama mkwe amenipikia uji, na ameniita "mwanangu" mara mbili kabla ya saa nne. Sijui nimfanyeje.

Mke wangu amekokotoa. Dakika kumi na moja za soksi, toa dakika nne za kuchelewa. Anasema ningekuwa nimevaa kama watu wengine, ningewahi na saba za kusaza. Nimemwambia hajaelewa. Tatizo halikuwa kuvaa soksi. Tatizo ni kwamba sikuwa na kiti. Mtu akiwa na kiti imara, chenye mgongo, soksi ni dakika mbili. Nimechora kiti kinachokunjika. Amekitazama mchoro kwa muda mrefu, akaenda kufua.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kazini. Nimefungua mlango, makofi. Picha yangu iko ukutani mapokezi, kubwa kama dirisha, juu ya ubao wa herufi. Mimi, medali, meno yote nje. Wagonjwa waliopanuliwa mboni za macho wanaikaribia hadi pua zinagusa, wananipongeza.

Daktari amenishika mkono mbele ya watu wote. Amesema yeye hakuwahi kufikiri kama ningeweza. Amesema kwa sababu hiyo ameniandikisha Septemba, kwa jina la kliniki, kwenye mashindano yale marefu yenyewe. Kilomita karibu nne za maji. Mia moja na themanini za baiskeli. Arobaini na mbili za miguu. Fulana zimeshaagizwa. Kisha akasema mgonjwa mmoja angependa kuona medali, niilete kesho.

Huu ulikuwa wakati wa kusema ukweli. Niliuona kabisa, umesimama mbele yangu, mweupe. Nilifungua mdomo. Nikasikia sauti yangu ikisema ni heshima kubwa, Daktari, na kwamba safari hii nalenga nafasi ya kumi.

Nimempigia shemeji kuhusu medali. Amesema nije niichukue, naye pia amejiandikisha Septemba, na Ijumaa saa kumi na moja jioni anaogelea, nikitaka tuogelee pamoja atanifundisha kupumua. Nimemshukuru. Ijumaa haiwezekani kabisa. Kuna miezi sita mizima, na mtu mwenye akili haanzi kwa kurukia maji. Nimetenga wiki tatu za kwanza kuchagua rangi ya baiskeli. Nasikia nyekundu hupunguza upepo.