Mikono ya Nyuma ya Gari la Baba

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza likizo ya ugonjwa. Mgongo. Mgongo wenyewe ni mzima kabisa, lakini bosi hana haja ya kujua. Miaka ishirini na sita nakagua mizani za maduka. Sukari ikipimwa wiki moja bila mimi, dunia haitapinduka.

Sababu ni gari. Jumamosi Mama anahama nyumba hii, anakwenda kuishi kwa dada yangu. Dada kaamua, Mama kakubali, mimi nimearifiwa tu. Na gari la Baba bado liko gerejini juu ya matofali, mwaka wa kumi na tisa huu, tangu siku alipoweka spana chini akaenda hospitali asirudi. Gari dogo la michezo, la watu wawili, jepesi hata mimi na Baba tuliweza kulinyanyua upande mmoja. Alilijenga mwenyewe kuanzia chesisi, yaani fremu ya chini. Alimwahidi Mama kwamba likikamilika watatoka nalo getini, yeye kwenye usukani na Mama pembeni, mpaka kwenye kona na kurudi. Hawakutoka.

Injini inawaka. Breki zinashika. Mbele kuko tayari. Kumebaki nyuma: mikono miwili, yaani vile vyuma vinavyoshika magurudumu na kuyaacha yapande na kushuka barabara inapokuwa mbaya. Vishikio vyake Baba alikwisha kuvichomelea kwenye chesisi. Mikono yenyewe hakuwahi.

Shemeji, mume wa dada, fundi wa malori, ametangaza wakati wa chakula kwamba Jumamosi atakuja na lori, atapakia vyombo vya Mama na gari humo humo, kisha alimalizie kwake akipata nafasi. Akipata nafasi! Nikasema asijisumbue. Nitalimaliza mimi, na Mama ataondoka nyumba hii kwa gari la mumewe. Dada akacheka mpaka akapaliwa. Mama hakucheka. Aliuliza tu kama kiti chake bado kimo.

Basi. Sasa siwezi kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Juni

Baba alichora sehemu yote ya nyuma kwenye mlango wa stoo, kwa penseli ya seremala, kwa ukubwa wake halisi. Gurudumu, mkono, springi, yote. Dada alitaka kuupaka rangi mlango ule mara mbili. Mara zote mbili Mama alileta kiti akakaa mbele yake mpaka rangi ikaganda koponi.

Nimeutazama saa nzima bila kupima kitu. Pale Baba alipokuwa na uhakika, penseli imebonyea ndani ya mbao. Pale alipokuwa na wasiwasi, mstari ni hafifu. Unaweza kumsoma kwa kidole. Gereji bado inanuka grisi na ile sabuni yake ya kunawia. Nimemkumbuka sana leo.

Nimefanya kama alivyokuwa akifanya yeye. Unakata mkono wa boksi, unaubana kwa pini juu ya mchoro, unasukuma gurudumu la boksi juu na chini, unaona linalala upande gani. Kazi tamu! Maboksi nimepata kabatini kwa Mama. Mchana akaja kuuliza viatu vyake vimemwagwa na nani. Nikasema panya.

Tatizo: kuchomelea. Mimi nikichomelea, kazi inafanana na uji uliofurika. Shemeji ni bingwa, lakini afadhali nimeze spana kuliko kumwomba. Nikapiga akili. Nikachukua mabomba ya chuma na mchoro wa mkono mmoja, nikampelekea gerejini kwake, nikamwambia nataka stendi mbili za maua za Mama, zifanane kabisa. Aliutazama mchoro muda mrefu. Akauliza ni maua gani hayo yanayohitaji bushi za mpira. Nikamjibu, ya aina isiyopenda kutikiswa. Akavaa miwani, akaanza kazi.

Nimemfunga kamba mchana kweupe! Mtu mzima yule!

Jumatano, 5 Juni

Loh!

Mikono yote miwili ni ya kushoto. Nilisema zifanane kabisa, naye kazifananisha kabisa. Wa kulia unaelekea kwenye bomba la moshi kama una shida nalo. Nimeugeuza, nimeupindua, nimeutazama kwenye kioo cha Mama. Kwenye kioo unakaa vizuri sana.

Nikarudi kwa shemeji. Nikajikaza kisabuni, nikamwambia stendi moja itabidi itazame upande wa pili. Akasema maua ya mama mkwe wake yana madaha. Akaitengeneza hapo hapo, haikumchukua muda. Wakati wa kunikabidhi aligeukia ukutani akakohoa kwa muda. Vumbi la gereji yake si la mchezo. Inabidi aende akapimwe kifua.

Nyumbani, Mama anafunga mizigo. Ameikuta ovaroli ya Baba, ile ya bluu yenye kiraka gotini. Akaniuliza tuitupe au twende nayo. Nikasema yeye anaonaje. Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye sanduku la nguo zake nzuri.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefunga mikono. Nimefunga springi na magurudumu. Nimeingiza jeki, nimetoa matofali. Gari limesimama kwa miguu yake kwa mara ya kwanza maishani mwake! Nilipiga kelele jirani akachungulia.

Kisha nikazunguka nyuma. Mungu wangu. Matako juu, na magurudumu yamebana chini, yamepanuka juu, kama mtu aliyebanwa haja njiani. Nimepima mara tatu. Nimefuata mlango wa Baba unywele kwa unywele. Kwenye mchoro gurudumu limesimama wima. Kwenye gari limelala.

Maana yake ni moja. Baba alikosea.

Niliketi sakafuni. Sikutaka akosee. Alikuwa mtu wa kupima kitu mara tano halafu akalale, aamke apime tena. Wenzangu walikuwa na baba walioweza kucheza mpira, wangu aliweza kukuambia meza ya shule imepinda kiasi gani kwa kuitazama tu. Na sasa mimi ndiye wa kumsahihisha. Imeniuma. Lakini kipimo ni kipimo, na mimi ndiyo kazi yangu.

Nikapiga moyo konde, nikawasha grenda. Nimevikata vishikio vya Baba, nimevishusha vidole viwili, nimevichomelea mwenyewe kwa mashine yake ya zamani. Uji, ndiyo, lakini umeshika. Sasa magurudumu yamesimama wima kama askari. Nimemwomba Baba radhi kwa sauti. Nimelala kifua mbele.

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya kupita zote.

Asubuhi Mama aliniletea chai gerejini. Akalisifu gari. Akaomba aingie akae kidogo, aone kama bado anajua kuingia. Akaingia kwa namna yake mwenyewe, mguu, mkono, kichwa, bila kugusa kitu, kama mtu anayeingia kitandani mwake gizani. Nikaingia upande wa usukani nimpe raha. Gari likashuka. Nikasikia chuma kinalia. Nikatoka kuchungulia, na hata kwa uzito wa Mama peke yake magurudumu ya nyuma yametanuka chini kama miguu ya chura.

Mama akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kwa nini nimepima bila yeye.

Sikumwelewa. Akanieleza. Kila Jumapili mchana, mimi nikiwa matembezini, Baba alikuwa akimwita gerejini, anafunga magurudumu kwa mikono ya mbao ya majaribio, anaweka mfuko wa mchanga kwenye kiti cha dereva, na Mama anakaa kwenye chake, juu ya mto. Ndipo anapima. Alisema gari halijengwi kwa ajili ya kiti kitupu. Mama alikuwa akimsomea gazeti kwa sauti. Gurudumu moja lilichukua kurasa nne, na akipenda habari alijifanya futi imeteleza ili asomewe tena. Mistari yote ile ya mlangoni Baba aliichora wakati Mama amekaa ndani ya gari.

Nimekagua mizani miaka ishirini na sita. Nimewatoa watu jasho kwa sababu ya gramu kumi. Nikasahau uzito! Uzito wa mama yangu!

Baba hakukosea. Nimeikata kazi ya mikono yake kwa grenda nikijiona bingwa. Nililia, siandiki vingine. Mama akasema kilichokatwa huungwa, nikanywe chai kabla haijapoa.

Nikaona bado kuna njia ya kutoka bila aibu. Mama ana mizigo ya kufunga, hawezi kukaa garini siku nzima. Ofisini kuna mawe ya mizani ya serikali, yale ya kilo ishirini ishirini. Nitayaazima kimya kimya, yakae kitini badala yake. Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa nashuka ngazi, jiwe mkono huu na jiwe mkono huu, nikakutana uso kwa uso na bosi. Akayatazama mawe. Akautazama mgongo wangu. Akasema anafurahi kuona napata nafuu. Jumatatu niende na barua ya daktari. Nilitamani ardhi ipasuke.

Maji yakanifika shingoni. Nikaenda kwa shemeji, nikamwambia yote, kichwa chini. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama vishikio nilivyovikata nimevitupa. Kumbe alijua tangu bomba la kwanza! Enzi zile anamchumbia dada, Baba alimshikisha futi Jumapili zote. Anasema kabla hajaruhusiwa kukaa sebuleni alikwisha kuujua upande wa nyuma wa gari lile kuliko sura ya dada. Akaniuliza kwa nini sikumwambia ukweli. Angefurahi, alisema. Naye alimpenda Baba.

Nilimwangalia mkewe akipita.

Jumamosi, 8 Juni

Shemeji alifika alfajiri na lori na mashine yake. Aliutazama uji wangu, akavuta pumzi, akasema neno ambalo sitaliandika. Akaukata wote, akavibana vishikio kwa muda.

Mama akaitwa. Alikuja amevaa gauni la safari, mto kwapani. Mimi nilikuwa mfuko wa mchanga. Nilikatazwa kujitikisa. Dada alitoa gazeti kuukuu alilofungia vikombe, Mama akavaa miwani akasoma: habari ya daraja litakalofunguliwa, ambalo sasa limekwisha kuzeeka. Shemeji alikuwa chini, na futi, anahema. Kurasa nne upande wa kushoto, nne na kipande upande wa kulia. Akatia alama. Tukatoka, akachomelea pale pale pa Baba, tukarudi tukakaa. Nikachungulia kwenye kioo cha dada. Magurudumu wima. Kama mlangoni, unywele kwa unywele.

Nyumba ilikuwa tupu saa saba. Dada akafungua geti. Nikawasha injini, Mama akashika mkoba wake kwa mikono miwili, tukatoka.

Tulifika kwenye kona. Pale nilitaka kukunja kulia twende zetu kwa dada. Akanigusa mkono. Akasema ahadi ilikuwa mpaka kwenye kona na kurudi. Nikageuza. Tukarudi taratibu mpaka getini, tukasimama mbele ya nyumba. Mama aliitazama. Akakiambia kiti chake kwamba amekisubirisha sana. Kisha akalia, nami nikalia, dada akalia juu ya godoro kwenye lori, na shemeji akapiga honi kwa sababu tumeziba njia na yeye pia alitaka kulia lakini hakuwa na pa kusimama.

Kisha tukaondoka. Gari lilikwenda laini, halikuyumba popote. Sijawahi kuwa na siku kama hii.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka kwa dada. Tangu chai ni shemeji hivi, shemeji vile. Mikono ya dhahabu! Macho ya tai! Hakuna aliyetaja kwamba maboksi niliyakata mimi. Sawa, sina kinyongo.

Ila, na nasema hili kama mtaalamu wa vipimo, jana njiani, kwenye mzunguko wa pili wa barabara, nilihisi nyuma pamelegea. Kidogo sana. Nusu kidole. Baba angeweza kukubali. Mimi sikubali.

Mama ameomba twende matembezi mchana, akamsalimie rafiki yake. Yuko ndani anavaa. Shemeji amelala, jana alichoka, hakuna sababu ya kumwamsha. Mashine yake iko hapa uani, haina mtu. Nimevikata vishikio, nimevishusha nusu kidole, halafu kidogo tena mpaka vikawa vidole viwili, nimevichomelea. Nimepima mara tano, kwa utulivu kabisa, gari likiwa limesimama vizuri peke yake, hakuna wa kulitikisa. Magurudumu wima kama askari.

Mama ametoka na mkoba wake, anauliza kama kiti kiko tayari. Nimemwambia aingie tu, safari hii hesabu nimepiga mwenyewe.