Uthman Asiyesahau na Rangi ya Trekta la Harusi

Nileteeni karatasi isiyo na mafuta ya chapati, na kalamu isiyotapika wino, na kiti ambacho mguu wake wa nne si tofali. Kisha nyamazeni, enyi watu wa Nsambya na wa Nakivubo, nanyi mnaobishania bei chini ya maturubai ya soko la Owino, shusheni sauti kidogo. Vita vya bunduki vimekwisha kupata wasimulizi wake, na wengine wamepewa hata medali. Lakini vita vya Uthman na rangi, vilivyopiganwa miaka michache baada ya bunduki kunyamaza, havijapata mwandishi hadi leo. Mola amzuie msimulizi asiongeze chumvi zaidi ya ile ambayo habari yenyewe ilikuja nayo.

Alikuwako Nsambya, mjini Kampala, nyuma ya nyumba za reli, shujaa aitwaye Uthman, mjukuu wa askari waliotoka Sudani na ngoma zao na jamaa zao, dereva mstaafu wa malori ya reli, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa kwa adabu na sauti iliyozoea kushindana na injini. Alikuwa na sifa nyingi, zote akizitaja mwenyewe, lakini moja ilizipita nyingine kama mnara unavyopita paa: hakusahau. Mvua ipi ilibomoa daraja lipi, nani alikataa kumsalimia nani kwenye msiba wa nani, yote alikuwa nayo kichwani. Watu wakamwita Uthman Asiyesahau, naye hakuwakataza.

Katika yote asiyoyasahau, hakuna aliloliringia kama siku aliyomwoa Zulaikha kule Bombo. Kila Idi, wageni wakishashiba na kukosa nguvu za kukimbia, aliisimulia: jinsi mvua ilivyomwagika, jinsi gari la harusi lilivyozama topeni hadi milangoni, na jinsi yeye, bwana harusi, alivyokwenda mbio kulichukua trekta la mjomba wake, akampandisha bibi harusi juu ya madigadi ya gurudumu kubwa, akampeleka kama malkia juu ya tembo. Na kila mara alimalizia hivi:

"Na trekta lilikuwa jekundu, jamani. Jekundu kama pilipili iliyoiva."

Zulaikha, msusi wa ukindu asiye na mpinzani kilima kizima cha Nsambya, mumewe akifika hapo alikuwa akifunika sinia kwa kawa lake, akienda zake jikoni bila neno.

Uthman alikuwa ameliendesha trekta lile siku ile moja tu, maana baada ya harusi aliajiriwa Kampala, nalo likabaki Bombo kulima. Mjomba alipofariki, vita vilipokwisha, likawa lake kwa urithi. Lakini lilikuwa na hali gani! Wakati wa vita walinzi wake walikuwa wamelipaka kijani ili lifanane na kichaka, na likafanana vizuri mno, hata kuku walitaga chini ya usukani. Uthman akalipandisha lori, akalileta Nsambya. Sifuna, fundi kutoka Bungoma, bingwa wa spana na bomba la kupulizia rangi, akaifufua injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanguruma.

Ndipo Halimah, mjukuu wao aliyekuwa karibu kuolewa, akatangaza mbele ya ukoo kwamba hataki gari la kukodi lenye maputo. Atapanda trekta la bibi yake.

"Vema," akasema Zulaikha. "Nami nitapanda pamoja nawe, kwenye madigadi ya upande wa pili. Lakini nitapanda lile lile nililolipanda. Likija na rangi nyingine, hilo ni trekta la mwanamume mwingine, na mimi kwa umri huu sianzi kupanda matrekta ya wanaume wengine."

Ukoo mzima ukacheka. Uthman akainuka, akaweka mkono kifuani, akamwita mkewe kwa jina la mwana wao wa kwanza. "Mama Swaib, litakuja na rangi yake. Nani aliye hai anayeweza kuisahau?"

Zulaikha akamtazama, na pembeni mwa mdomo wake kikapita kitabasamu kidogo, chembamba kama uzi wa ukindu. Hapo upepo wa baridi ukaingia ngomeni mwa Asiyesahau. Maana alipofumba macho aliona wekundu, naam, wekundu unaowaka; ila wekundu upi, hakujua. Angeweza kumwuliza mkewe. Lakini kumwuliza kungekuwa kukiri kwamba siku ile, siku ya siku zote, ilikuwa imemvuja kichwani, na kila aliyewahi kula pilau nyumbani kwake angelipata habari kabla ya magharibi. Afadhali kutembea Kampala nzima.

"Mzee," akasema Sifuna walipokaa kushauriana, "nyekundu ziko nyingi kama mashemeji. Wewe unataka gani?"

"Ya pilipili iliyoiva."

"Pilipili ya kwenu au ya kwetu? Ya kwetu ikiiva inakuwa kama damu ya ng'ombe."

"Sifuna, watu wa Bungoma mnajua nini kuhusu pilipili? Nyinyi kitoweo chenu ni kuku, na kiungo chake ni kuku mwingine. Twende Owino."

Wakaenda, shujaa mbele na kanzu yake, bingwa nyuma na chupa ya petroli ya kusafishia vidole, wakipenya majeshi ya wabeba mizigo na ngome za mitumba, hadi kwenye kibanda cha Akidi, mwanamke wa Kiacholi aliyetawala makopo ya rangi kama jemadari kambini. Juu ya kibanda lilitandazwa turubai la buluu, na chini yake palikuwa na kivuli cha kupendeza.

"Mzee, karibu. Nyekundu iko mingi," akasema Akidi, akafungua kopo baada ya kopo. Uthman akayakagua kama mkuu wa gwaride. Hii ilikuwa ya zambarau. Ile ilikuwa nyeusi kama kisogo cha chungu. Kisha likafunguliwa kopo moja, na tazama, mle ndani mlikuwa na wekundu mzito, wa heshima, wenye moto kwa mbali.

"Hiyo," akasema Uthman, akainyoshea kidole. "Hiyo ndiyo niliyooa nayo."

"Mzee ana macho," akasema Akidi, akafunga kopo upesi kabla macho hayajabadili mawazo.

Kesho yake Sifuna akalijaza bomba, akapuliza boneti yote mchana kweupe. Rangi ikatua juani. Wote wawili wakarudi nyuma hatua, kama watu walioona jini. Ule wekundu wa heshima ulikuwa umebaki Owino. Kumbe ulikuwa mkopo wa lile turubai la buluu. Juu ya boneti paling'aa rangi ya papai.

Majirani wakaja kutoa pole. Mmoja akauliza kama trekta limeugua homa ya manjano. Zulaikha naye akapita na ndoo yake kichwani, akapunguza mwendo kidogo.

"Baba Swaib," akasema kwa upole, "limeiva hilo. Ulile kabla ndege hawajaliona."

Usidhani, msikilizaji, kwamba shujaa alilia. Alikaa tu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama magurudumu.

"Mzee," akasema Sifuna, "tuache kuuliza kichwa. Tuulize chuma." Akainama, akafungua sanduku la vifaa lililofungwa nyuma ya kiti, mahali ambapo jua halifiki na brashi ya mtu mwenye haraka ilipita juu juu tu, akaanza kukwangua upande wa chini wa kifuniko chake. Ikatoka kijani. Chini ya kijani ikatoka grisi iliyoganda, na chini ya grisi, mahali padogo kama ukucha, ikachungulia rangi ya kwanza ya trekta lile.

Ilikuwa ya buluu.

"Hiyo ni rangi ya chini tu," akasema Uthman haraka. "Ya kutangulizia."

"Rangi ya chini huwa haing'ai, mzee wangu. Hii inang'aa kama jicho la mlevi." Sifuna akakwangua tena, akaenda kwenye kona, akaenda chini ya tangi. Kila mahali chuma kilitoa ushahidi ule ule, bila kupepesa. "Trekta hili halijawahi kuwa jekundu tangu lizaliwe."

"Basi mimi nyekundu niliiona wapi?"

Sifuna, aliyekuwa na jibu la mzaha kwa kila jambo chini ya jua, akaking'oa kifuniko kwenye bawaba zake, akampa mzee.

Alasiri ile Uthman akakichukua kifuniko kile, akaenda nacho barazani alikokaa mkewe katikati ya vitita vya ukindu, akasimama mbele yake kama amiri aliyeshindwa aliyebeba ngao yake mwenyewe.

"Mama Swaib," akaanza, "mimi niliyevusha malori mito iliyofurika, mimi ambaye wazee wenzangu huniuliza tarehe za harusi zao, leo nimekuja kusalimu amri mbele ya..."

"Nawa mikono kwanza. Unachafua ukindu wangu."

Akanawa. Akarudi. Hotuba ilikuwa imemponyoka pamoja na maji. "Lilikuwa la buluu," akasema.

"Lilikuwa la buluu. Buluu ya nila, pale unapoitia tu kwenye ndoo, kabla hujaikoroga."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ulikuwa unasimulia vizuri." Akavuta uzi, akaukaza. "Haya, Asiyesahau. Mimi siku ile nilivaa nini?"

Akajibu bila kupumua. "Gurbaba, kile kitambaa cha bibi zetu wa Sudani, ukajifunga kama mama yako alivyojifunga. Pindo lilichanika kwa mwiba, upande wa kulia. Kiatu cha kushoto kilibaki topeni. Hina haikuwa imekauka, na trekta liliporuka shimo ukanishika bega, ukanitia vidole vyote kwenye shati, nami sikulifua shati lile. Na gurbaba ilikuwa nyekundu. Nyekundu kama pilipili..."

Akakitazama kile kifuniko, kisha akamtazama mkewe.

"Trekta hukuliona," akasema Zulaikha.

"Sikuliona."

"Shingo yako ilikuwa imegeuka njia nzima, Baba Swaib. Tuliingia shamba la mihogo la watu. Mimi boneti naijua kwa sababu mmoja wetu ilibidi atazame mbele." Akainamia kazi yake kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. "Kesho tunakwenda Owino. Mimi na wewe."

Kesho yake Zulaikha akatoka amejifunga gurbaba nyekundu. Kama ilikuwa bahati au shauri, historia haikuambiwa. Walipofika kwa Akidi, akasimama nje ya kivuli.

"Mwanangu, toa makopo ya buluu juani."

"Mama, jua ni kali."

"Na trekta litakaa juani. Toa." Kisha akakificha kifuniko cha sanduku nyuma ya mgongo wake, akamwambia mumewe, "Chagua."

Hapo ndipo palipokuwa uwanja wenyewe wa vita. Uthman akachovya ukucha wa kila kidole katika kopo tofauti, akavipuliza vikakauka, maana rangi mbichi ni mwongo kuliko wakili. Akakodoa. Buluu zote nazo zikamkodolea. Kichwani hakukuwa na boneti yoyote ya kumsaidia. Akidi akaanza kupendekeza ile ya bei kubwa, Sifuna, aliyewafuata bila kualikwa, akamkanyaga mguu. Kisha shujaa akafanya jambo ambalo vitabu vya mafundi havina: akamsogelea mkewe, akaanza kuweka ukucha mmoja mmoja karibu na nguo yake. Kidole cha shahada, wekundu wa nguo ukafifia. Kidole cha kati, ukachujuka. Kidole cha pete, na wekundu ukaruka, ukawaka kama ulivyowaka mvuani Bombo.

"Hii," akasema.

Zulaikha akaleta kifuniko mbele, akauweka ukucha wa mumewe juu ya ile sehemu iliyokwanguliwa. Ukucha ukapotea. Hapakuwa na mpaka.

"Sawa," akasema Zulaikha, na neno hilo Uthman hakulisahau kamwe.

Ijulikane basi kwa vizazi vijavyo kwamba Halimah aliolewa juu ya trekta la buluu ya nila, akiwa madigadi ya kulia, na bibi yake madigadi ya kushoto amevaa nyekundu. Kwamba Nsambya yote ilitoka vibarazani. Na kwamba rangi ya papai iliyosalia haikupotea, bali ilipakwa kwenye mlango wa choo cha Sifuna, ambao mpaka leo ndio unaotumika kuwaelekeza wageni. Injini ilinguruma, vigelegele vikapanda. Na shujaa wetu, mkono juu ya usukani, akaanza kugeuza shingo polepole kuelekea kushoto.

"Mbele, Baba Swaib," akasema Zulaikha.

Akatazama mbele. Akatazama mbele mpaka kona ya kwanza.