Fundo la Nyasi Kwenye Faili la Dhamana

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya kukata masikio. Nimefungua duka mapema ili nimwone Mwanabibi akifungua lake. Yuko ng'ambo ya barabara, anatazama mahakama kama mimi, na kazi yake ni yangu: kuchapa, kutoa kopi, kuwatafutia mawakili wa utetezi maombi na maamuzi mtandaoni. Mimi nilianza. Yeye kaja mwaka jana na printa mpya na vitumbua vya bure kwa wateja. Nani hutoa vitumbua vya bure bila sababu?

Wakili Jacqueline amekuja. Anamtetea shemeji yangu Wendelin, anayeshtakiwa kuiba kahawa ghalani kule Ukata. Wendelin! Mtu anayemwomba radhi kuku kabla ya kumchinja! Yuko rumande, na mwendesha mashtaka anapinga dhamana. Ati shemeji ana mtumbwi Lundo, atavuka ziwa aende zake Malawi. Wakili anasema upo uamuzi wa Mahakama Kuu kwamba mtumbwi peke yake si sababu ya kumnyima mtu dhamana. Hakumbuki jina la kesi. Niutafute, niuweke ukurasa wa tatu wa hoja zake. Maombi yanasikilizwa Alhamisi.

Nimesema usiwe na wasiwasi, wakili.

Jumamosi ni mwaka tangu mke wangu Notburga aondoke. Tunasimamisha msalaba wa saruji kaburini. Mama mkwe, Mama Hildegardi, ametamka wazi: kaka wa marehemu asipokuwepo, msalaba hauendi popote. Kwa sasa umeegemea ukuta wa duka langu. Wateja wanaupita kwa adabu.

Jumanne, 15 Julai

Nimeupata! Niliandika "mtumbwi", yakaja matangazo ya injini za boti. Nikaandika "mtumbwi na dhamana", yakaja mahubiri. Nikaendelea mpaka chai ikapoa, na huo hapo, mzima, wenye muhuri. Nimeshangilia peke yangu. Notburga angepiga kigelegele kifupi, kile cha puani.

Mchana nimevuka kuomba chenji. Kwa kweli nimevuka kuchungulia. Uamuzi uleule juu ya meza ya Mwanabibi! Umebanwa pini, unamngoja wakili mwingine. Nikamuuliza kwa upole ameutoa wapi. Akasema, si hukohuko mtandaoni, kaka Damiano, kwani wewe wako umeuchimba shambani? Akacheka. Akanipa kitumbua. Nimekila, ila kwa tahadhari.

Mtandao mkubwa vile, naye atue palepale nilipotua mimi? Ameingia kwenye kompyuta yangu. Sijajua kwa waya gani.

Tulipokuwa kijijini Kitura, Notburga akikuta kichuguu chenye uyoga alikuwa anafunga fundo la nyasi pembeni yake. Mpita njia anaona, anajua pana mwenyewe. Kitu ulichokikuta wewe ni chako. Nami nitafunga fundo.

Jumatano, 16 Julai

Nimetengeneza mafaili mawili. Moja lina uamuzi wa kweli. La pili lina kesi niliyoitunga: Jamhuri dhidi ya Tobia. Tobia ni beberu wetu, Wendelin alimpa dada yake. Nimeandika: "Mshtakiwa aliruka uzio wa jirani mara kwa mara na kula mahindi yake. Hata hivyo, kila jioni alirudi nyumbani mwenyewe bila kuitwa. Mahakama iliridhika kwamba ni wa kuaminika." Yote ni kweli tupu. Wiki ya msiba Tobia alisimama mlangoni kila asubuhi, akingoja maganda ya viazi kutoka kwa mtu ambaye hayupo. Macho yamenilowa nikichapa.

Mwanabibi akiliiba, atampa wakili wake, wakili atasimama mahakamani amsome mbuzi. Mji mzima utajua mwizi ni nani!

Lakini mwizi si mjinga. Faili likiitwa MTEGO hataligusa. Kwa hiyo lenye mbuzi nimeliita SAFI, na la kweli nimeliita MTEGO. Nimejipongeza kwa soda.

Nimekaa dirishani mchana kutwa. Amevuka mara moja tu, kuazima stepla. Stepla!

Wakati wa kufunga, Wakili Jacqueline kaingia mbio. Umeme unayumba, nimchapie hoja zake upesi. Nikafungua SAFI, nikapachika ukurasa wa tatu, nikachapa. Karatasi ya mwisho inatoka, umeme ukakatika. Bahati iliyoje!

Alhamisi, 17 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilikaa nyuma na mama mkwe. Wendelin kizimbani, amevaa sweta ya dada yake, ile ya kijani yenye kifungo kisichofanana na vingine. Wakili alisoma vizuri mpaka ukurasa wa tatu. Kwenye uzio sauti ilishuka. Kwenye mahindi ikazimika kabisa. Hakimu akauliza kama anasikia sawasawa, mshtakiwa alikuwa anakula mahindi ya jirani yakiwa bado shambani? Mwendesha mashtaka akainuka kuomba nakala ya uamuzi huo, maana tangu aanze kazi hajawahi kuusikia.

Hapo Wendelin, mtu mkweli mpaka inauma, akanyoosha mkono. Mheshimiwa, akasema, huyo Tobia namjua. Ni mbuzi. Nilimtoa mimi mwenyewe.

Ukumbi ulilipuka. Askari wa mlangoni aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Hakimu hakucheka. Alisema mahakama si zizi. Uamuzi wa kweli uwe mezani kesho asubuhi, la sivyo maombi yanatupwa na shemeji anabaki ndani. Wakampeleka rumande. Aliponipita aliuliza kwa sauti ndogo kama Tobia hajambo. Nikamwambia amenenepa.

Nimemweleza wakili kwamba kuna mtu ameingia kwenye kompyuta. Akauliza faili nililochapa liliitwaje. Nikasema SAFI. Na lingine? Nikasema MTEGO. Alinitazama kama anavyotazama mashahidi wa upande wa pili.

Umeme haujarudi. Faili la kweli limo ndani, kompyuta imezima. Mwanabibi ana jenereta, nalisikia linanguruma hadi huku. Nimpelekee kompyuta nzima, nyara mkononi? Siendi. Umeme utarudi.

Jioni nimepita kwa mama mkwe. Nimesema shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia. Akaendelea kuchambua maharage.

Ijumaa, 18 Julai

Umeme haukurudi. Sikulala. Alfajiri nilijikuta nimesimama katikati ya barabara, nusu ya njia ya kwenda kwa Mwanabibi, nikageuka. Nikasimama tena. Nikageuka tena. Mwendesha bodaboda akaniuliza, mzee, umepotea?

Kabla mahakama haijafunguliwa, Mwanabibi alivuka mwenyewe. Mkononi uamuzi mzima, karatasi bado zina joto. Akampa Wakili Jacqueline mbele ya duka langu. Akasema huu uko wazi, dada, kila mtu anausoma bure, nendeni mkamtoe mtoto wa watu. Wakili akamkumbatia. Mimi nilikuwa nimeshika msalaba, usianguke.

Hakimu amesoma. Akauliza kama kuna mnyama humo ndani. Wakili akasema hakuna, mheshimiwa. Dhamana imekubaliwa! Tumesimama wadhamini, mimi na mama mkwe. Wendelin ametoka na sweta yake, akatupa sote mkono, pamoja na mwendesha mashtaka.

Kila mtu anausoma bure. Ndivyo wasemavyo. Na alijuaje tunauhitaji? Sawa, mji mzima ulijua. Lakini yeye alijua vizuri zaidi.

Jumamosi, 19 Julai

Msalaba umesimama. Wendelin aliushika chini wakati zege linamwagwa, akawa anaongea na dada yake kwa Kimatengo, polepole, kama wanamenya kahawa pamoja. Alimweleza kwamba Tobia ametajwa mahakamani. Nimelia na kucheka kwa pamoja. Jina lake wameliandika vizuri. Notburga. Alikuwa anapenda liandikwe lote, bila kufupishwa.

Mwanabibi alikuja na sufuria ya pilau, akakaa na kina mama, akaosha vyombo. Nilimtazama anavyoosha. Anaosha vizuri. Sijui anatafuta nini.

Mama mkwe ameitikia shikamoo yangu. Marahaba, mwanangu. Nikaona ndiyo nafasi ya kujieleza. Nikamweleza kuhusu wezi, uyoga, na fundo la nyasi la Notburga la kuwazuia watu. Akaacha kula. Akasema, kuzuia? Baba wee, nani kakwambia? Fundo lilikuwa la kuita. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake: ukikuta uyoga, chuma wa kukutosha, funga nyasi, wanaokuja nyuma wajue upo. Hauliwi na nyumba moja, unaoza.

Nikakumbuka. Kila tuliporudi kwenye kichuguu, uyoga ulikuwa umepungua, na Notburga alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa nasaka nyayo.

Jumapili, 20 Julai

Nimelitafakari jambo hili wakati wote wa misa. Mama mkwe ni mtu mzima sana. Kumbukumbu huchanganyika.

Kesi yenyewe itasikilizwa mwezi ujao, na Wendelin akishindwa atafungwa. Wakili Jacqueline anataka maamuzi kuhusu kuitambua kahawa ya wizi, maana punje hazina alama ya mwenyewe. Ametuomba tutafute mimi na Mwanabibi. Pamoja! Sasa pilau nimeielewa.

Umeme umerudi, nimefunga fundo jipya. Safari hii mshtakiwa ni jogoo wa mama mkwe. Na kwa kuwa SAFI na MTEGO zimeshajulikana, nimebadilisha majina ya mafaili mara kadhaa bila kutazama, ili hata nikibanwa nisiweze kusema lipi ni lipi.

Tangu mchana nayafungua na kuyafunga. Siwezi kusema lipi ni lipi. Mtu ameingia tena kwenye kompyuta! Na leo dukani hakuingia mtu ila Mwanabibi, eti anarudisha stepla.