Kuku Aliyenivusha Ziwa

Jumatatu, 6 Julai 1987

Nimekwisha! Adero, mchumba wangu, ameleta habari kutoka kwao kisiwani Mageta. Mama yake anasema nifike Jumamosi ya tarehe 18 kujitambulisha kama mtu anayetaka kuoa, la sivyo nisahau. Nimeahirisha mara mbili. Mara ya kwanza nilisema malaria. Mara ya pili nilisema nimefiwa na mjomba, na mjomba mwenyewe akakutana na Adero hapa sokoni Otonglo akinunua sukumawiki. Hakuna mara ya tatu. Kuna wakala wa samaki kule Usenge anayemtaka, na ana boti yake mwenyewe. Ya injini!

Shida yangu ni moja tu na sijawahi kuiandika hata humu. Ninaogopa ziwa. Basi, nimeandika. Mjaluo wa miaka ishirini na tisa, nimezaliwa ufukweni, na nikiona boti magoti yanalegea. Nilikuwa na miaka saba mtumbwi wetu ulipopinduka. Mimi na Baba tuliokolewa. Ndugu yangu Oduor hakuokolewa. Tangu siku hiyo mimi na ziwa hatusalimiani.

Binamu yangu Tom asijue. Kibanda chake kimepakana na karakana yangu ya redio. Akijua yeye asubuhi, kufika saa sita soko zima linajua.

Jumanne, 7 Julai

Mteja aliyeleta redio yake amenipa matumaini. Kuna nesi wa magonjwa ya akili, Sista Nakhungu, amerudi kutoka masomoni na anatibu hofu kwa maneno tu. Wanaita hipnosisi. Mteja huyu alikuwa hawezi kupanda hata ngazi ya kanisa. Sasa anapaka rangi maghorofa!

Furaha yangu ilidumu kama dakika tano. Halafu nikawaza: je, nikifanyiwa hiyo hipnosisi nikaanza kubwabwaja? Nikamwaga yote, ziwa, mjomba, na ile spika nzuri niliyoitoa kwenye redio ya mchungaji nikaiweka kwenye yangu?

Jumatano, 8 Julai

Nimekwenda kliniki. Benchi la kungojea liko nje, kila apitaye anakuona. Nilijifunika gazeti. La wiki iliyopita, lakini lilitosha uso.

Sista ni mwanamke mfupi, sauti ya taratibu. Alisema hii si uchawi na wala si kulala. Ni akili kukazia jambo moja huku mwili umepumzika, kama mtu anayesikiliza mpira redioni mpaka hasikii akiitwa kula. Utasikia kila neno. Ukitaka kufungua macho, utafungua. Hakuna awezaye kukulazimisha useme usilotaka. Inasaidia watu wenye hofu, wenye maumivu, wanaokosa usingizi, ingawa si dawa ya kila kitu. Na lazima mgonjwa aseme ukweli, kwa sababu tiba inakwenda pale inapoelekezwa.

Mimi nilishika jambo moja tu. Siwezi kulazimishwa! Yaani mtu anaweza kudanganya mwanzo mpaka mwisho.

Akauliza ninaogopa nini. Mlango ulikuwa wazi, na pale kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja wa kwaya yetu. Kijasho kikanitoka. Kuku akapita uani. Nikasema: kuku.

Hakucheka. Aliandika.

Mpango wangu ni mzuri sana. Yeye akitaja kuku, mimi moyoni nitaweka ziwa.

Ijumaa, 10 Julai

Nimefanyiwa hipnosisi. Alinikalisha kitini, nikatazama msumari ukutani, nikapumua polepole, naye akahesabu kutoka kumi kurudi nyuma. Macho yakawa mazito, mikono ikawa mizito. Niliogopa sana, halafu nikasahau kuogopa. Akaniambia nichague mahali pa amani. Nikachagua karakana yangu, redio zote zimezimwa.

Kisha akasema nimwone kuku, kwa mbali. Nikabadilisha, nikaweka ziwa. Kosa kubwa! Maji yalikuja yote kwa pamoja mpaka masikioni. Nikamsikia Oduor ananiita. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Sista akanirudisha karakanani kwa upole, akaniambia nibane kidole gumba na kidole cha shahada, nipumue. Nikamtafuta yule kuku haraka. Akaja, akadonoa mchanga, akakaa. Moyo ukakaa naye.

Nilipofungua macho shati lilikuwa limelowa. Sista alisema tangu aanze kazi hajaona mtu anayeogopa kuku namna hiyo.

Jumatano, 15 Julai

Leo Sista alileta kuku wa kweli ndani ya kikapu. Nikampakata. Nilikaa kwa amani ambayo sijaijua tangu utoto. Karibu nikorome! Sista alisema nimepona upesi ajabu. Akasema wapo watu wanaoleta kwanza hofu ndogo, wapime kama watapokelewa, na ile kubwa wanaiacha nje. Je, nimeacha kitu nje? Nikamwambia hapana, labda mwavuli.

Nikapita ufukwe wa Dunga kujipima. Nikasimama mbele ya maji, nikabana vidole. Wapi! Magoti ni yale yale. Nilikuwa nageuka kuondoka nilipoona kuku wa mama mmoja muuza samaki, na hapo hapo magoti yakanyooka. Nimepata dawa: nitavuka na kuku mkononi.

Mama Beldina, mwenye nyumba wangu hapa Manyatta, ana tetea mwekundu anayetaga kila siku. Nimemwomba kwa siku moja. Nimesema ni kwa maombi. Amekubali, lakini ameniapisha nimrudishe hai.

Jumapili, 19 Julai

Jana nilirudi usiku, sikuweza kuandika.

Tulifika Usenge mimi na Tom, maana mtu haendi kwa wakwe peke yake. Nilipoona boti inavyoyumba nilitaka kurudi mbio mpaka Otonglo. Nikamkumbatia tetea ndani ya koti. Tom akapaza sauti boti nzima isikie: "Omera, hiyo ni kuku ama ni mtoto?" Nilibana vidole, nikamtazama tetea machoni, injini ikanguruma, na mawimbi yakapiga. Nikavuka! Nusu saa nzima juu ya maji, na sikulia hata mara moja.

Sasa msiba. Tulipoingia bomani, dada mdogo wa Adero alinipokea kwa heshima, akampokea na tetea. Nyasaye wangu! Mkwe mtarajiwa ameingia na kuku mkononi, nani atafikiri si zawadi ya kuchinjwa? Ningesemaje? Samahani, huyo ni dawa yangu, nirudishieni? Nilibaki nimenyoosha mikono mitupu. Nikasikia kelele moja nyuma ya jiko, halafu kimya.

Tetea aliletwa mezani na kuon, ugali wetu. Mgeni wa ukwe hawezi kukataa kuku. Nilimla huku machozi yananitiririka kwenye ugali. Mama mkwe, ambaye kwa mila hakai mezani na mkwe, aliambiwa huko aliko, akasema hajapata kusikia mwanamume mwenye moyo laini hivyo. Wazee walipendezwa mno, wakakubali papo hapo. Nilete ng'ombe wa kwanza mwezi wa nane, mwenyewe, kwa boti.

Jua likaanza kushuka. Mkwe halali kwa wakwe zake, hata mvua inyeshe mawe. Lazima nivuke, na dawa yangu iko tumboni! Nilikuwa nimeficha unyoya mmoja mfukoni. Nikaushika, nikatazama maji. Hakuna kitu. Nilikumbatia nguzo ya kufungia boti, na sikuweza kuiachia. Niliona kabisa kwamba leo nitakufa kama Oduor. Tom akaacha kucheka.

Adero alikuja. Nikamwambia ni mgongo. Akasema, "Ogola, mimi najua hiyo maneno ya ziwa tangu mwaka jana. Hata mama anajua. Hapa Mageta kila boma imezika mtu ya ziwa, na wengine hawakupatikana. Nani atakucheka? Enda uambie huyo sista ukweli."

Nililia tena, na safari hii si kwa sababu ya kuku. Akanibandua vidole kimoja kimoja. Nilivuka nimelala chini ya boti, nimefunikwa wavu, Tom amenishika mkono njia yote. Nilimwapia Adero kwamba wiki hii hii nitamwambia Sista kila kitu.

Jumatatu, 20 Julai

Mama Beldina ameuliza tetea yuko wapi. Nimemwambia maombi bado yanaendelea.

Nimekaa nikatafakari kama mtu mzima, na kosa langu nimeliona wazi. Kuku ni mdogo mno! Anachinjwa siku ile ile. Ng'ombe wa mahari hachinjwi ovyo, na mwezi wa nane nitakuwa naye ndani ya boti, hakuna wa kuuliza kwa nini nimemkumbatia. Wa kurudi naye nitampata tu, hilo ni jambo dogo.

Kesho nakwenda kwa Sista kumwambia ninaogopa ng'ombe, ili amfanye ng'ombe awe dawa yangu kama alivyomfanya kuku. Ili asinitilie shaka, asubuhi hii nimepita kliniki kwa nje, nikaona ndama kafungwa kwenye uzio, nikapiga mayowe nikakimbia. Mama wa kwaya alikuwepo benchini. Ameona kila kitu.