Begi Lisilo na Nafasi

Leo uso wangu umebaki uwanja wa ndege wa Kalemie. Mwili umefika Lubumbashi salama, asanteni kwa kuuliza, lakini uso sijui nitaufuata lini. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na wengine.

Mnajua safari za kwetu. Ukitangaza tu kwamba unapanda ndege kwenda Lubumbashi, kesho yake mlangoni kwako kumejaa vifurushi vya ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani wanaonuka toka mbali. Huyu ana shangazi huko, yule ana mtoto chuoni. Kukataa ni vigumu, maana siku moja nawe utatuma. Safari iliyopita nilibeba ndagala za mtaa mzima, na kwenye mafunzo ya kazi watu walikuwa wanahama viti nikikaa karibu. (Mwalimu alifungua dirisha huku akiniangalia mimi, si dirisha.)

Safari hii nikasema basi. Nitasafiri na begi moja dogo la mgongoni. Nilizunguka sokoni siku nyingi nikichagua. Kubwa nililikataa, kwa sababu begi kubwa linakaribisha mizigo ya watu. La mikanda myembamba nililikataa, linakata mabega. Mwishowe nikapata moja jeusi, linaloenea kwenye rafu ya juu ya viti vya ndege, lenye zipu inayozunguka pande tatu mpaka begi lote linalala wazi kama sanduku.

"Papa, hii unafungua mara moja, vitu vyote unaviona," muuzaji aliniambia.

Niliipenda mno zipu ile. Mlinisikia humu kundini nikiisifu, mkaniita Mzungu wa Begi Moja.

Tatizo lilianza nilipopanga vitu. Mashati mawili matatu, suruali, kandambili, mswaki. Begi likabaki limelegea kama tumbo la mtu aliyefunga, jioni kabla ya futari. Na begi lililolegea, kwa watu wa Kalemie, ni mwaliko. Kwa hiyo nikachukua mto wangu wa kulalia, nikaukunja, nikaushindilia ndani, nikafunga zipu kwa magoti. Begi likanona. (Nilijiona nina akili. Kumbukeni hapo.)

Jana jioni akaja Mama Sifa. Kwa wasiomjua, ni mama wa mchumba wangu Sifa, na familia yao ilikuwa bado haijatoa jibu kama watanipa binti au hapana. Mwenye neno la mwisho ni dada yake mkubwa, anayekaa Lubumbashi. Mama alikuwa na kifurushi mkononi, kimefungwa vizuri kwa gazeti na kamba.

"Ramazani, baba, nasikia unaenda Lubumbashi. Hii ni ndagala kidogo ya dada yangu. Utamupelekea?"

Hapo mtu mwenye akili angepokea kwa mikono miwili. Mimi nikaziona pua za watu wa mafunzo.

"Mama, unisamehe. Saki njo hii moja tu, na imejaa. Hata kitambaa haiwezi kuingia."

Akaliangalia begi lilivyovimba pale ukutani. Akaniangalia mimi.

"Ni kweli, imejaa. Haizuru, baba. Safari njema."

Akaondoka na kifurushi chake. Usiku sikulala vizuri. Kwanza dhamiri, pili sikuwa na mto.

Leo asubuhi nafika uwanjani, namkuta Mama Sifa amesimama na Sifa. Sifa alikuja kunisindikiza. Mama alikuja na kifurushi, kutafuta abiria mwingine mwenye huruma. Nikawasalimu kwa heshima zote, nikaharakisha kwenye mzani.

Ajenti akapima begi. Akagonga mzani kwa kidole, akapima tena.

"Papa, mizani imeharibika ama? Saki kubwa hivi, kilo tatu?"

"Ni nguo tu," nikasema polepole.

"Nguo gani hazina uzito? Fungua tuone."

Nikajaribu kufungua kidogo, kwa pembeni. Lakini zipu ile haijui kidogo. Mto ulikuwa umebanwa tangu jana, nao ulitaka kupumua. Begi likafunguka pande zote tatu, vile vile muuzaji alivyoahidi, na mto ukainuka wenyewe ukakaa juu ya meza mbele ya abiria wote.

Na si mto mtupu. Ulikuwa na foronya aliyonidarizia Sifa kwa uzi mwekundu, ndege wawili na maneno. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akavaa miwani, akasoma kwa sauti, taratibu:

"Lala. Salama. Mupenzi. Wangu."

Sifa akajifunika uso kwa kitenge. Nilitamani begi liwe kubwa zaidi, niingie mimi.

Mama Sifa akasogea. Akaigusa foronya.

"Hii uzi nilinunuaka miye," akasema.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliuondoa mto, akaweka kifurushi chake palepale ulipokuwa. Kikatosha.

"Sasa iko nafasi," akasema, akaanza kufunga zipu.

"Kama iko nafasi, Mama, na hii yangu," akasema mama mmoja kwenye foleni. Na mwingine. Na yule mzee wa miwani. Begi liliporudi kwenye mzani, ajenti alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mizani imepona."

Mama Sifa akaondoka na mto wangu kwapani. "Hii nitakuwekea," akasema. "Utakuja kuichukua ukirudi. Tutaongea."

Neno hilo "tutaongea" nililibeba njia nzima, na lilikuwa zito kuliko ndagala. Nilimwona Sifa ameolewa na mtu mwenye begi kubwa. Ukweli niuseme, niliogopa sana.

Nilipotua sikwenda hotelini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mkubwa, yule dada wa Mama Sifa, na kifurushi chake. Alikuwa ananingoja mlangoni, simu bado mkononi.

"Njo weye Papa wa muto?"

"Ni miye, Mama. Munisamehe."

Akapokea ndagala, akazinusa, akakaa. Mimi nikabaki nimesimama.

"Mudogo wangu amenieleza yote. Tulikuwa na woga, tulifikiri labda wewe ni mujanja sana. Sasa tumeona. Uongo yako haikupita hata mizani." Akacheka hadi akafuta machozi. "Muntu wa hivi hawezi kutufichia kitu. Sifa tutakupa."

Nikakaa chini bila kuambiwa. Yeye akaingia ndani, akatoka na furushi la unga.

"Na hii utamurudishia mudogo wangu. Nasikia saki yako inafungukaka muzuri."

Nimepokea kwa mikono miwili. Harusini mtaalikwa wote, na atakayeniletea zawadi ya mto atarudi nao kwake.