Kefa Ameachishwa Bila Uji

Kinampanda,
Jumapili, 4 Novemba 1951

Kwa Bwana Mkubwa wa Kambi ya Barabara,
Misigiri.

Bwana Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni Rahabu, mke wa yule Kefa wa beleshi, kipande cha kazi namba sitini na moja. Hunijui, ila mayai uliyokula siku ya Pasaka yalikuwa ya kuku wangu.

Kabla ya neno lolote nakusalimu wewe. Namsalimu Memsahib, pamoja na kichwa chake kinachomuuma wakati wa jua. Namsalimu mpishi wako, na karani Idrissa, na yule mbwa wako mwenye doa jichoni, aliyemkimbiza mama mkwe wangu, lakini hayo yamekwisha. Huku kwetu ni wazima. Mama mkwe, Selina, anakusalimu, mguu wake umepungua kuvimba. Mwanangu Simeoni hajatimiza miaka miwili na hajui bado kuwaamkia wakubwa, basi nimemshika mkono nikauinua kuelekea Misigiri. Mbuzi yupo. Kuku walikuwa saba, sasa wanne. Watatu walikwenda dukani wakarudi chumvi, sabuni, na kitambaa kidogo cha marekani cha kumpokelea mtoto. Na mtoto mwenyewe, huyu wa tumboni ninayemtazamia mwezi ujao, naye anakusalimu kwa mguu, maana ndicho alicho nacho. Kefa hakusalimu. Amekaa nje anatazama barabara. Si kiburi, Bwana, nitakueleza.

Naandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Nilisoma madarasa mawili misheni, la tatu likanikuta shambani. Ukiona neno limepinda, linyooshe kama unavyonyoosha barabara.

Habari yenyewe ni hii. Jumatano ya wiki ile nyingine, Kefa alirudi nyumbani saa nne asubuhi, mikono mitupu, karatasi ndani ya kofia. Yeye hasomi. Akanipa mimi. Ilikuwa na muhuri mkubwa na maneno machache: kuanzia leo umeachishwa kazi.

Sasa Bwana, mimi neno kuachishwa nalijua kwa ziwa tu. Nilisoma mara tatu. Nikamtazama Kefa, mtu ana ndevu, nikasoma tena. Mama mkwe akasema nisishangae, maana Mzungu akimwandika mtu kazi humfanya mwanawe: humpimia chakula, humwambia saa ya kulala na saa ya kuamka, na akikosa humkemea mbele za watu. Basi siku akimchoka, atamfanya nini kama si kumwachisha? Neno limekaa mahali pake, alisema. Nikaona kweli.

Lakini kama ni kuachisha, tumefika kwenye kazi ninayoijua mimi na wewe huijui. Sikulaumu. Wewe ni mwanamume, hujawahi kuachisha mtu. Umekosea kama anavyokosea mama wa mtoto wa kwanza, asiye na mtu wa kumwambia. Basi nakuhesabia makosa yako, kwa heshima, upate kuyajua.

1. Mtu haachishwi kwa asubuhi moja. Mtoto huanzishiwa uji angali ananyonya, kijiko leo, vijiko viwili kesho kutwa, ukiona tumbo limeshika ndipo unampunguzia ziwa. Kefa alikuja kazini na beleshi begani kama siku zote. Akapewa karatasi, akaambiwa beleshi aliache pale pale. Hata uji wa siku ile hakunywa, na ulikuwa jikoni unatokota, alisikia harufu yake. Ungemwanzishia mapema, Bwana. Ungempa siku mbili za wiki za kukaa nyumbani tangu mwezi wa tatu, angelima, na leo kihenge kingekuwa na uwele. Lakini mwezi wa tatu ulimwambia barabara haingoji, akaacha shamba. Sasa barabara imemwacha, na shamba halina kitu.

2. Mtoto akiachishwa hupelekwa kwa bibi yake, asilione ziwa. Wewe umemwachisha Kefa ukamwacha hapa, na nyumba yetu iko kando ya barabara ile ile. Lori la kambi linapita na wenzake juu yake, wanampungia mikono. Upepo ukitoka kwenu tunasikia asubuhi mkigonga kile chuma cha reli, naye anaamka, anavaa kofia, anafika mlangoni, anakumbuka. Siku ya kumi na nane leo. Haifai. Au usimamishe kugonga chuma, au uhamishe barabara, au apelekwe kwa bibi. Bibi yake kwa mama ni marehemu. Lakini kwa kuwa wewe ndiye uliyemwachisha, wewe ndiye mama, na kwa hiyo bibi ni mama yako mzazi. Karani Idrissa amesema yu hai, huko Ulaya. Sisi tuko tayari Kefa aende kwake mwezi mmoja. Hali sana. Anajua kukamua, na kuezeka nyumba ya nyasi. Ila baridi haijui, mama yako ampe kitu cha kujifunika.

3. Ziwa hupakwa pilipili. Lengo ni mtoto aonje, aone limeharibika, aliache mwenyewe kwa hasira yake. Wewe hukuipaka kazi pilipili yoyote, umemnyang'anya ikiwa tamu. Nakiri kwamba mwezi wa saba na wa nane mshahara ulichelewa, na posho ya maharage ilikuja na wadudu. Labda hiyo ndiyo ilikuwa pilipili yako. Kama ndiyo, pole, haikutambulikana. Tulidhani ni mambo ya kila siku.

4. Hapa, Bwana, nakuomba ukae chini. Karatasi yako imeandika jina la mtu mmoja, lakini umeachisha watano. Kefa anakula kwako. Mimi nakula kwa Kefa. Simeoni na mama mkwe wanakula kwenye chungu changu. Na huyu wa tumboni anakula kwangu, wala hangoji kuitwa. Mama mkwe hana jino hata moja, ukimtazama utafikiri anayeanza kuota, na mtu wa namna hiyo haachishwi. Lakini huyu wa tumboni ndiye anayenishangaza. Nimewauliza wanawake wote kisimani, wenye wajukuu na wenye vitukuu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona mtoto aliyeachishwa kabla hajanyonya.

Kwa hiyo nina ombi juu yake. Kwa kuwa uliweza kuandika karatasi ikamrudisha nyumbani mtu mzima ambaye mimi nikimtuma hageuki, naamini karatasi yako ina nguvu. Mwandikie na huyu. Mwambie asije mwezi ujao, mwezi wa njaa. Asubiri mwezi wa tano, uwele ukiiva. Weka muhuri ule mkubwa. Mimi nitaibandika juu ya tumbo nilale chali aisome. Ni mtoto msikivu, kengele ya kanisa ikilia anageuka. Na kama kwa sheria zenu haiwezekani mtu kungoja akishaanza kuja, basi umwandikie vile vile, useme haiwezekani, nipate kujua kwamba hata wewe kuna mtu usiyeweza kumsimamisha.

5. Mtoto aliyeachishwa vibaya hula udongo. Hili ndilo limenitoa jasho nikachukua kalamu. Udongo wenyewe ni huu: kuna mtu amekaa Shelui anaandika watu wa kwenda kukata mkonge. Ana daftari, ana blanketi moja kwa kila atakayekubali, na Ijumaa hii lori lake linaondoka kwenda Tanga. Kefa amekwenda kumsikiliza mara mbili. Ya kwanza alisema anasindikiza mtu. Ya pili alirudi ananiuliza kama lile shati lake la kanisani lina vifungo vyote.

Jirani yangu Felista, mumewe alikwenda mkonge kwa miezi tisa. Akarudi mwaka wa tatu. Mtoto wake alimkaribisha vizuri sana, akamletea kigoda, akaingia ndani kumwambia mama yake kuna mgeni.

Nisikilize, Bwana. Siku nilipomzaa Simeoni ilikuwa kazi ya tangu asubuhi mpaka jua likaelekea kuzama. Wanaume hawaingii. Kefa alikaa nje ya nyumba, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, alichukua shoka akapasua kuni. Alipasua za kwetu, akapasua za mama yake, akapasua mpini wa jembe ambao haukuwa na kosa. Mimi ndani nilikuwa nasikia lile shoka. Nilipoona nakwisha nguvu, nilingoja likipiga, na mimi nasukuma. Mama mkwe ndiye aliyenizalisha, na yeye hadi leo anasema shoka lilisaidia kuliko yeye. Sasa mwezi ujao, kama Kefa yuko Tanga, mimi nitasukuma kwa kusikiliza nini?

Hayo ndiyo makosa matano. Yapo mengine madogo nimeyaacha, kama lile la kofia yake kunyeshewa kazini.

Dawa yake si ngumu, na mama yeyote angekuambia hivi hivi. Ukikosea kuachisha, unamrudisha mtoto kwenye ziwa, anatulia, halafu unaanza upya kwa taratibu. Mrudishe Kefa. Mpe beleshi lake. Mwanzishie uji: mwezi huu siku sita za wiki, mwezi ujao siku tano, mvua zikikolea siku tatu, na uwele ukiiva mwache kabisa, hatalia, wala mimi sitaandika tena. Hapo utakuwa umemwachisha mtu, na watu wa Kinampanda na Misigiri wote watasema Bwana yule anajua kulea.

Nimemaliza. Wafikishie salamu wote niliowataja, hata mbwa. Mwambie Memsahib kwamba kichwa cha jua kinasikia majani ya mwarobaini, achemshe ajifukize. Mama yako Ulaya nimsalimie kwa lugha gani sijui, wewe tafuta. Mama mkwe anasema ukija hapa utapewa mlenda, ingawa wenzako huuogopa.

Usikawie kunijibu, siku zangu na za lori zinakimbizana.

Ni mimi, mke wa mtoto wako uliyemwachisha,
Rahabu, Mama Simeoni

Nyongeza, Jumatatu asubuhi.

Bwana, barua hii ilikuwa imekunjwa tayari. Petro, mwenzake Kefa aliyebaki kambini, amepita kumrudishia sufuria yake, na ndiye atakayekuletea hii. Ameketi akatusimulia. Anasema Alhamisi ile, kesho yake baada ya Kefa na wenzake kupewa karatasi, liliteremka kambini likitoka Singida juu ya lori. Greda. Rangi yake manjano, lina kisu kirefu chini ya tumbo, na kazi ya watu arobaini ya wiki nzima linaimaliza kabla ya saa sita. Anasema linakunywa kutoka kwenye pipa. Anasema jioni unalifunika turubai kwa mikono yako, na asubuhi unalipangusa uso kwa kitambaa, wala huruhusu mtu kulishika.

Petro alicheka sana. Mimi sikucheka, nilikaa chini.

Maana mwezi wa sita, nilipojua nina mimba hii, Simeoni alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe akasema mwachishe leo leo, maziwa ya mimba yatambemenda mtoto, adhoofike. Nikasaga pilipili asubuhi ile ile. Uji sikumwanzishia. Kwa bibi sikumpeleka, bibi yuko nyumba hii hii. Mtoto alilia siku tatu akinitazama kama mtu asiyenijua. Kwa hiyo yote niliyokuandikia, kuanzia moja, na mimi niliyafanya, kwa sababu hakuna mama anayemwachisha mtoto kwa asubuhi moja, isipokuwa ana mwingine tumboni.

Hukuniambia una mimba, Bwana. Nisingekusumbua. Hongera kwa kujifungua salama, na mtoto ana afya. Makosa yote matano niliyokuhesabia yafute. Ningeandika barua nyingine, lakini karatasi ilikuwa hii moja.

Nabakiwa na neno dogo tu. Kwetu, aliyeachishwa ndiye hupewa mdogo wake amlee. Simeoni ameanza kujifunza, anafunga gunzi la mahindi mgongoni anazunguka nalo uani. Petro anasema huyo wako anahitaji mtu wa kumtangulia njiani aokote mawe, kisu chake kisivunjike, na mtu huyo hajapatikana. Kefa anayajua mawe ya barabara ile yote, mengine aliyaweka yeye. Halali mchana. Hajawahi kudondosha mtoto. Mchukue awe yaya.

Sasa hivi yuko nje anapasua kuni, tangu alfajiri, rundo limepita dirisha. Nimemuuliza ni za nini, na za juzi hazijaisha. Amesema ni za mwezi ujao. Mwenye kuwapo mwezi ujao hazipasui leo.

Mpe Petro jibu leo.