Hotuba ya Mratibu Joachim kwenye Uzinduzi wa Darasa Geuzi la Jiometri

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Mteremko. Mheshimiwa unayemwakilisha mheshimiwa aliyepata dharura. Baba mchungaji, baba paroko na sheikh wetu. Bwana Himmat, mfanyabiashara maarufu wa vyombo vya umeme hapa Iringa mjini. Dokta Zabron, mhadhiri wa jiometri. Wanafunzi wapendwa mliokaa juani ili wageni tupate kivuli. Mabibi na mabwana: itifaki nimeizingatia tangu naoga. Bwana Yesu asifiwe. (Ameni.) Tumsifu Yesu Kristo. (Milele na milele, amina.) Asalamu alaikumu. (Waalaikumu salamu.) Na waliobaki, habari za asubuhi. (Kicheko, ni saa nane mchana.)

Ndugu zangu, mimi Joachim, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Darasa Geuzi, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, nimetoka Mbeya alfajiri nikimwomba Mungu anifikishe, nikapita Chimala, ambako wananchi kwa upendo wao tu walinipakilia kwenye pikapu gunia la mpunga, lumbesa kabisa, lile la kujazwa hadi mdomoni kisha likashonewa nundu juu. Najua lumbesa imekatazwa, na mimi mwenyewe huipiga vita kwenye kila kikao, lakini hii ni zawadi.

Turudi kwenye mada. Zamani mwanafunzi alifundishwa darasani, akaenda kufanya mazoezi nyumbani. Sisi, kwa vishoni, yaani maono, tuliyojaliwa, tukasema hapana. Sasa atalitazama somo la maumbo ya vipimo vitatu kwa video huko huko kwao, iwe Makongolosi, iwe Idodi, kisha aje darasani kufanya maswali tu. Na ili kuulinda utaratibu huo, tangu muhula ufunguliwe nimemwagiza Dokta Zabron asifundishe chochote hadi video zitoke, naye ametii. (Dokta Zabron anatazama viatu vyake.) Impakti yake, ndugu zangu, inatisha. Nilipokagua darasa nilikuta kimya ambacho sijakiona hata kanisani wakati wa kutangaza michango. Nikauliza nani ana swali, hakuna. Darasa lisilo na swali limeelewa kwa asilimia mia moja na nne. (Makofi kutoka meza kuu.)

(Sauti ya mwanafunzi, Faustina, kutoka nyuma: "Shikamoo mheshimiwa. Mtihani ni Jumatatu. Hizo video ziko wapi?")

Marahaba, binti yangu. Swali lako ni zuri mno, na kwa uzuri wake linahitaji kamati. Kwa sasa itoshe kusema kwamba video ziko katika hatua za mwisho za kuanza.

("Baba, tukifeli hili somo tunarudi nyumbani mwaka mzima.")

Nakuelewa, mwanangu. Hata mimi hesabu ilinipiga chenga, na tazama Mungu alikonifikisha. Lakini leo hatukuja mikono mitupu. Washeni televisheni.

(Inawashwa. Maharusi wanaingia ukumbini wakicheza.)

Hiyo ni... ndiyo, hiyo ni harusi ya binti yangu Severina, tulikuwa tunajaribu sauti. Lakini tusidharau, tazameni keki. Duara chini, duara katikati, duara juu. Jiometri ndiyo hiyo. Na yule anayelia pembeni ni mke wangu.

(Dokta Zabron anainuka polepole na kutoka. Faustina anamfuata, kisha safu nzima ya nyuma, kisha safu zote. Mmoja amechukua kamba ya turubai, mwingine debe la wapishi.)

Naona mmesimama kwa heshima yangu. Asanteni, kaeni. (Hawakai.) Jamani, mbona mnaizunguka pikapu?

(Dokta Zabron, kutoka maegesho: "Chini hapa umbo gani?" Wanafunzi: "Silinda." "Na hii nundu?" "Nusu tufe." "Haya, pimeni, kokotoeni, halafu tumimine kwenye debe tuone kama hesabu yenu inasema kweli.")

Dokta, nilikuagiza usifundishe. Na hapo pa kumimina, tafadhali, tungepajadili kwanza. (Mpunga unasikika ukishuka kwenye debe.)

Basi tusonge. Darasa Geuzi, hoyee. (Baba mchungaji, peke yake: "Hoyee.") Jiometri kwa kila kaya, hoyee. (Baba mchungaji anakohoa.)

Nimalizie kwa shukrani. Nalishukuru kanisa kwa viti na turubai. Namshukuru Bwana Himmat kwa kutuazima televisheni, ambayo mteja wake anaifuata saa kumi, ndiyo maana hatukuibandua nailoni. Nawashukuru wenzetu wa mradi wa kuku wa mayai kwa bango hili, ambalo leo tumelitundika nyuma mbele. Na naushukuru mradi wetu wenyewe, ambao, Mungu akitujalia uzima, tutauombea kibali mwakani.

(Faustina, kutoka maegesho: "Mheshimiwa, hesabu imekubali, madebe yametoka sawasawa. Jumatatu tunakwenda.")

Mmesikia, ndugu zangu. Waandishi wa habari, andikeni kwamba mradi umefanikiwa. Mungu awabariki sana. Na mpunga urudi kwenye gunia, pamoja na nundu yake.